Sukari Yenye Robo

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Dada yangu,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Hujambo? Shemeji hajambo? Na hilo goti lako, limekubali kupanda ngazi au bado linakugomea? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ukiacha mgongo wangu ambao umeinamia cherehani mpaka umesahau kunyooka.

Umeniuliza mara tatu kwenye simu kama Chiriku ameshapata barua ya daktari ili Januari aje kwako kuanza masomo. Mara tatu nimekujibu kwamba mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na tatizo lolote, Dada. Barua hatujapata, na sababu yake ni aibu tupu, ndiyo maana naiandika badala ya kuisema.

Unajua mwanangu ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka tisa. Zamani alikuwa anachoma insulini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, nami nimemsimamia kama askari. Mwaka huu alipotimiza kumi na tano daktari akambadilishia, zikawa sindano nne. Moja ni ya kulalia, ile inayofanya kazi polepole siku nzima, na nyingine ni moja kabla ya kila mlo. Akitaka kula anapima sukari, anahesabu, anachoma, anaandika namba kwenye daftari. Daktari alisema mpango huu unamfaa kijana kwa sababu unampa uhuru. Uhuru aliupokea kwa mikono miwili. Kupima ndiko kulikomshinda.

Mimi ningejuaje? Nipo kwenye cherehani, yeye yuko nyuma ya lile pazia wanakojaribia nguo wateja, anapaza sauti, "Mama, nane." Nami nakanyaga pedali kwa raha zangu.

Basi Jumanne ya wiki iliyopita tukaenda kliniki. Mashine ya kupimia, akasema, ameisahau nyumbani. Nesi akafungua daftari, akalisifu mbele ya foleni nzima, eti hajapata kuona kijana mwenye sukari iliyotulia namna hii. Dada, nilivimba kichwa. Niligeuka taratibu kuangalia kama wamama wengine wamesikia, na kwa ajili ya yule aliyekuwa anasinzia nikakohoa ili aamke.

Halafu yakaja majibu ya damu, kile kipimo kinachoonyesha sukari ilivyokwenda kwa miezi mitatu. Wanataka isizidi asilimia saba. Ya kwake ilikuwa kumi na mbili. Daftari na damu havijuani kabisa.

Daktari hakufoka. Alipekua kurasa, akaweka kidole kwenye 6.25 ya Alhamisi moja mchana, akauliza ni mashine gani hiyo inayopima mpaka robo, maana zote anazozijua hutoa tarakimu moja tu baada ya nukta. Nikainama kutazama. Robo inchi ni mambo yetu mafundi cherehani. Nikaangalia mstari wa juu yake, nikaona 9, 5.5, 8. Bega tisa, mkono tano na nusu, mdomo wa mkono nane. Zilikuwa sare za watoto wa chekechea, zile arobaini nilizoshona mwezi wa tatu. Mwanangu alikuwa ananakili daftari langu la vipimo.

Nikaanza kuwatambua mmoja mmoja. Jumatatu alikuwa binti wa fundi viatu. Jumanne na Jumatano walikuwa mapacha wa kinyozi, ndiyo maana sukari ilifanana siku mbili bila kupishana hata chembe. Na ile Alhamisi nikaropoka, "Daktari, huyu ni mtoto wa mwenye duka la vioo, mama yake alitaka nimwachie robo ya kukulia." Daktari akanitazama, akamtazama nesi, akauliza kama na mimi nimewahi kupimwa.

Njia ya mwongo fupi, na ya kwetu iliishia palepale mezani. Chiriku, ambaye siku zote hafungi mdomo, alikaa anahesabu vigae vya sakafu. Ikabainika kwamba asubuhi na jioni alikuwa anachoma kwa kukisia tu, na sindano ya mchana shuleni aliiruka karibu kila siku, maana ilimbidi aichomee chooni. Daktari akasema waziwazi kwamba kwa sukari hiyo siku yoyote anaweza kuzidiwa, na macho na figo vitakuja kuharibika mbele ya safari. Barua hatatia sahihi mpaka aone miezi mitatu ya daftari linalosema sawa na damu. Kwa hiyo, Dada, Januari sina uhakika nayo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natunga hotuba. Tulipofika nikaanza kuitoa. Nimefika kwenye "mimi niliyekubeba miezi tisa", akanikatiza kwa upole. Akasema nikiona kumi na tano nakaa chini kama niliyeletewa taarifa ya msiba. Akasema siku aliyopata kumi na tisa nilimshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Akaona afadhali aniletee namba zitakazoniacha nishone.

Suruali ile naikumbuka. Mwenyewe alitoka nyuma ya pazia anatembea upande kama kaa. Hotuba ikanipotea yote. Niliumia, Dada, sikufichi. Mtoto anaumwa, halafu yeye ndiye ananiuguza mimi.

Na wewe usicheke sana. Zile sauti unazomtumia kwenye simu za majani ya kuchemsha yanayoponya sukari, ziishe leo. Mwili wake hautengenezi insulini, basi. Ni sawa na cherehani isiyo na uzi, kanyaga utakavyo, haishoni. Siku ukimwambia aache sindano anywe majani, nitakuja huko kwa miguu.

Nimeongea na mwalimu wake wa darasa. Amempa kona kwenye ofisi ya walimu, mchana anachomea humo. Anasema walimu wameacha kuogopa sindano yake, sasa wanaogopa maswali yake.

Leo asubuhi ametoka nyuma ya pazia, akaiweka mashine juu ya kitambaa mbele yangu. 17.2. Bahati nzuri nilikuwa na pini sita mdomoni. Nikazitoa moja moja, nikazichomeka mahali pake, ndipo nikauliza, "Haya, tunachoma ngapi?" Akahesabu, akachoma, akaandika mwenyewe 17.2 kwa maandishi makubwa. Nami nikarudi kukanyaga pedali.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote, na yule bibi wa ghorofa ya chini anayekuletea maneno. Mungu awafunike kwa rehema zake, na hilo goti alikumbuke.

Chiriku atakupigia kesho akutajie namba yake, iwe iwavyo. Mimi aliweza kunidanganya, ila wewe mama yake mkubwa anakuogopa zaidi. Hata ikiwa ishirini, nakuomba usilie. Muulize amechoma ngapi, kisha muulize habari za shule.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,
Mama Chiriku