Orodha ya Mashamba Yanayopumzika

Dodoma,
12 Novemba 1998

Dada Adela,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mvua za kwanza zimeshashuka huko juu. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la Dodoma, nacho nimekizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Nina jambo la haraka. Serikali imechapisha miswada miwili ya ardhi, na Bunge litaijadili mwanzoni mwa mwaka. Nimeisoma yote kwa penseli nyekundu. Mazuri yamo, sikatai. Mwanamke atamiliki ardhi sawa na mwanamume, na najua utasema mmechelewa kuambiwa. Lakini kuna maneno machache yamejificha: ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika inaweza kuhesabiwa kuwa ardhi ya jumla, yaani akapewa mtu mwingine. Aliyeandika hayo hajawahi kushika jembe Ufipa. Kwetu shamba hulimwa miaka minne, mitano, kisha huachiwa majani mpaka udongo upate nguvu, ndipo tunayafukia majani yale kwenye matuta ya ntumba. Kwa macho ya karani wa mjini, hilo ni pori. Viwanda vimeuzwa, mashirika yameuzwa, sasa wamefika kwenye majani yetu.

Nimealikwa kusema mbele ya wabunge kwenye semina ya Januari. Hasira ninayo ya kutosha, sina ushahidi. Waombe wanakijiji waorodheshe kila kipande: cha nani, kinalimwa au kinapumzika, tangu lini. Anzeni na shamba la mama, vipande vyetu vitatu: chako, changu, na cha marehemu ndugu yetu Isdori alichomwachia mkewe Rhoda. Nitawasomea majina hayo moja moja, wajue kila jani lina mwenyewe.

Mdogo wako,
Kornel


Kijijini, kwa njia ya Malangali,
20 Desemba 1998

Mdogo wangu Kornel,

Marahaba. Goti linapanda mlima taratibu kuliko nitakavyo, lakini linafika. Rhoda na watoto wake wanakusalimu. Yule mkubwa anasema amekusikia redioni, nasi tumemwacha aamini.

Orodha ni hii, kurasa kumi na moja za daftari. Tumezunguka siku sita na mwenyekiti. Vipande mia moja na arobaini, na themanini na vitatu vinapumzika. Shamba la mama linapumzika lote, mwaka wa nne sasa, majani yananifika kifuani. Rhoda alitaka tuandike kwamba chake kinalimwa. Nilimkataza. Nilimwambia Kornel hawezi kutetea uongo.

Aliyetucheka ni Malimi, yule Msukuma wa Mtowisa anayetuletea maksai. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Adela, ninyi Wafipa mnamwandikia mwizi ng'ombe gani hawana mchungaji?" Nikamwambia anayeandikiwa si mwizi, ni mdogo wangu. Akasema, "Mdogo wako sawa. Karatasi je, nayo ni mdogo wako?" Nilimjibu kwamba ng'ombe wake wanalishwa maneno, ndiyo maana wamekonda.

Hata hivyo, usiiache mikononi mwa mtu. Isome, kisha uirudishe.

Dada yako,
Adela


Dodoma,
24 Februari 1999

Dada Adela,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za goti. Waambie watoto wa Rhoda kwamba redioni bado, lakini magazetini nimo.

Sheria zimepita. Maneno yale niliyokuandikia yamebaki yalivyokuwa. Lakini kwenye semina, dada, nilinguruma. Mbunge mmoja wa Pwani alinifuata kunishika mkono. Wengine waliandika nilichosema. Nimetoa makala tatu juu ya jambo hilo, na nyingine mbili ziko kwa mhariri. Vita havijaisha.

Kuhusu orodha, usiwe na wasiwasi. Iko mahali panapostahili.

Mdogo wako,
Kornel


Kijijini,
30 Juni 1999

Kornel,

Marahaba. Sisi hatujambo. Baridi ni kali na maharage yamekauka vizuri.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, na gari jeupe. Anatafutia kampuni shamba la ngano. Mwenyekiti alimwambia kijiji hakina ardhi tupu. Yule bwana hakubisha. Alifungua mkoba, akatoa karatasi, akaanza kusoma: Eustace, kipande kimoja, kinapumzika tangu mwaka tisini na tano. Stumai, viwili, vinapumzika. Rhoda. Adela. Kornel. Alisoma vipande vyote themanini na vitatu na wenyewe, taratibu, kama mtu anayeita mahudhurio, na watu wakawa wanageuka kuniangalia kila jina lao lilipofika.

Nilimwomba nizione. Ni nakala, lakini mwandiko wangu naujua. Juu ya ukurasa wa kwanza pana maneno yasiyo yangu: "Kwa msomaji mwema, kwa heshima. Kornel." Hata mkia wa herufi ya mwisho naujua. Nilikufundisha mimi.

Amesema atarudi na wapimaji mvua zikiisha, mwezi wa nne mwakani. Naomba uniambie alizipataje.

Dada yako,
Adela


Kijijini,
16 Januari 2000

Kornel,

Hii ni barua ya tatu tangu Juni. Kama unaumwa, mtu wa Dodoma aseme. Nimemuuliza dereva wa lori, anasema amekuona sokoni unanunua magazeti, mzima.

Sikuulizi tena juu ya karatasi. Kijiji kimekaa na kuamua. Mwisho wa Februari tunaingia kwenye vipande vyote vinavyopumzika, tunapiga ntumba kila mahali, hata penye majani ya mwaka mmoja. Udongo utaumia, wazee wanasema tutavuna maharage ya kuhesabu. Lakini wapimaji wakute matuta, orodha iwe uongo.

Shida ni kipande chako. Mama alitufundisha wote wawili: tuta huzika majani, na mtu aliye hai hapigiwi matuta kwenye kipande chake bila neno lake, maana ni kumzika angali anapumua. Ukisafiri unaacha neno. Hukuacha. Huhitaji kuja. Andika neno moja, "limeni", au piga simu parokia, Padre atanifikishia. Rhoda na mimi tutakipiga kwa siku tatu.

Watoto wa Rhoda wanachota maji chemchemi iliyo ukingoni mwa kipande chako. Unakumbuka.

Dada yako,
Adela


Dodoma,
2 Aprili 2000

Dada,

Shikamoo. Siulizi habari za goti, sina uso huo.

Barua zako zote tatu zilifika. Nilizisoma, nikaziweka ndani ya kamusi, na kila nilipotaka neno nikawa napekua upande mwingine. Tangu Juni nimeandika makala kumi na nne. Nimewaita mawaziri vipofu. Nimewaita wabunge mabubu wanaolipwa. Wewe nilishindwa kukuandikia mstari.

Semina ilikuwa hivi. Nilipewa dakika kumi na tano. Nilianza na Wajerumani, nikaja kwa Waingereza, nikapita kwa wakopeshaji wetu wa leo, na ukumbi ukacheka pale nilipotaka ucheke. Orodha yenu ilikuwa mezani mbele yangu. Nilikuwa nasema moyoni, sasa hivi, bado mfano mmoja. Kengele ikalia. Sikuwa nimesoma jina hata moja, dada. Wakapiga makofi nami nikainama kama mtu aliyefanya alichotumwa.

Wakati wa chai akaja bwana wa suti ya kijivu. Alisema anazihifadhi makala zangu kwenye faili, akanitajia sentensi yangu moja bila kukosea. Miaka ishirini naandika, sijawahi kukutana na mtu anayeijua sentensi yangu kwa moyo. Akaiomba orodha, eti kwa utafiti. Nilimpa kabla sijamaliza sambusa. Akaniomba na sahihi, nami nikaweka, kana kwamba kitabu kile ni changu. Kazi yenu ya siku sita nilimtunuku kama zawadi yangu.

Nilijua siku hiyohiyo jioni. Nilimuuliza mwenye semina yule ni nani, akaniambia. Ndipo nikakuandikia ile barua ya Februari. Nilikuwa najua nilipoandika "mahali panapostahili".

Ulichoniomba ni neno moja. Kila nilipotaka kuliandika niliona kwamba siwezi kuliandika bila haya mengine, na haya mengine sikuyaweza. Nimejificha nyuma ya aibu kama mtu aliyejificha nyuma ya mama yake.

Limeni, dada. Limeni chote. Parokia nimepiga leo, simu haipatikani, wanasema nguzo zimeanguka kwa mvua. Barua hii naipeleka stendi mwenyewe.

Mdogo wako,
Kornel


Kijijini,
25 Aprili 2000

Mdogo wangu Kornel,

Marahaba. Goti lilivimba kwa kulima, sasa linapungua. Pasaka tumekula salama. Rhoda anakusalimu, na hakunituma niseme zaidi.

Barua yako imefika Alhamisi Kuu, tarehe ishirini. Wapimaji walikuja Jumanne, tarehe kumi na moja.

Walikuta matuta. Tulipiga wiki sita, wanawake na wanaume, na shule ikatuazima watoto wa darasa la saba. Malimi alipanda kutoka Mtowisa na wanawe wawili na majembe, hakutaka pombe wala maneno ya asante. Bwana wa suti ya kijivu alisimama na karatasi yake, anasoma jina, anaangalia matuta, anasoma jina, anaangalia matuta. Vipande themanini na viwili. Maharage yametoka ya njano na membamba, mwaka huu tutakula kidogo. Lakini ardhi imebaki.

Alipofika jina lako aliangalia, akakuta majani yamenipita kichwa. Wakapigilia vigingi vinne. Kimoja kipo hatua kumi kutoka chemchemi. Watoto wanazunguka sasa, chini kwenye matope.

Nikueleze na yangu, maana umenieleza yako. Siku moja kabla ya wapimaji, Malimi aliniambia, "Mama, niachie mimi. Mimi si wa ukoo wenu, mwiko wenu haunijui. Naingiza maksai, asubuhi kimekwisha." Nilimkatalia. Nilimwambia Kornel ataandika leo au kesho. Rhoda alikuwa anasikia. Akaenda kuosha jembe. Kwa hiyo usibebe aibu yote peke yako, nyingine ni ya mtu aliyekungojea.

Barua yako nimemsomea Rhoda. Sikuruka mahali. Kwenye sambusa alitoka nje, akarudi, akaniambia niendelee.

Mwenyekiti anataka orodha mpya, itakayokaa hapa hapa kijijini, kwenye sanduku la kanisa. Nimeiandika mimi. Kila jina nimeliandikia kinalimwa. Nilipofika kwako nilikaa na kalamu muda mrefu. Siwezi kuandika kinalimwa, na kinapumzika sitaandika tena. Nimeandika Kornel, mbele yake nimeacha wazi. Ukija utajaza mwenyewe, Rhoda akiwa amekaa hapo.

Dada yako,
Adela