Kadibodi ya Kufunika Neno

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Kadibodi yako sinayo tena, ndiyo maana nakuandikia. Naomba nieleze kwa mpangilio, kama ulivyonizoesha.

Tangu tukuzike kwenu Nanyala, wakati ule wa kuchuma kahawa, klabu ya usomaji haijafa. Mkuu wa shule aliniachia ufunguo wa maktaba, mimi niliyeishia kidato cha nne. Wanafunzi wananiita Ticha, nimechoka kuwakatalia. Kila Alhamisi baada ya vipindi tunakaa kumi na tano, siku nyingine tisa. Magazeti bado nayapata kwa mama wa maandazi, yana mafuta yake, nami nayanyoosha kwa kiganja kama wewe. Kadibodi ilikuwa ileile uliyoikata kwenye boksi la chaki, urefu wa kidole. Tunaiweka juu ya neno linalosema mtu ni wa kabila gani au katoka wapi, tunaisoma sentensi upya, halafu naliuliza swali lako: "Hilo neno lilikuwa linafanya kazi gani hapo?" Nakumbuka ulivyoiweka kwenye insha yangu ya kidato cha tatu, juu ya kabila la yule mfanyakazi wa ndani niliyemwandika mjinga bila sababu. Hukunikaripia. Ulifuta miwani kwa ncha ya tai, ukangoja.

Mwezi uliopita niliiletea klabu habari ya gazeti: Mzambia kakamatwa na simu ya wizi kwenye foleni ya malori hapa Tunduma. Darasa likalipuka. "Hao ndio zao!" "Ukivuka Nakonde, shika mfuko!" Hapo nilipaswa kutoa kadibodi. Badala yake nikacheka nao, nikasema, "Hata mimi Mzambia aliniibia simu pale mpakani."

Tumaini wa kidato cha pili, yule uliyesema ana jicho la kusoma, alifunga daftari akatoka. Mama yake ni mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nilijua, Mwalimu. Nilijua na bado nikacheka.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Na ile nyingine pia.

Nikatoa dayari zangu, nitafute siku ile ya simu. Nikiri: nilikuwa natafuta ushahidi kwamba sikukosea. Unajua siachi siku ipite bila kuandika. Siku yenyewe nimeandika: "Simu imepotea kwenye msongamano wa geti. Sikuona aliyechukua." Siku tisa mbele: "Kinyozi anasema atakuwa Mzambia tu." Miezi miwili baadaye: "Nimepita pale yule Mzambia aliponiibia." Kurasa zote tatu ni mwandiko wangu. Nimezisoma mara nyingi kumtafuta huyo mtu. Hayupo. Tulimtengeneza mimi na kinyozi.

Nilikwenda sokoni, mama yake Tumaini anakouza vitenge, nikamwomba radhi. Alikuwa anakunja kitenge, wala hakuacha kukunja. "Mimi nimeshazoea, mwanangu," alisema. "Yeye bado. Kamwambie mwenyewe."

Nikamwambia Tumaini kwamba nimekosa, na kwamba Alhamisi nitasoma maandishi yangu mwenyewe mbele ya wote. Akaenda zake.

Leo amekuja. Alikaa karibu na mlango, begi mgongoni. Niliwaeleza nilichokikuta, nikafungua zile kurasa mezani, nikampa yeye kadibodi. Dayari hiyo hata wewe hukuwahi kuisoma.

Ukurasa wa kwanza aliutazama sana, akasema hauna cha kufunika. Wa pili akafunika. Wa tatu akafunika na kusoma kwa sauti: "Nimepita pale yule... aliponiibia." Kisha Baraka, unamjua mdomo wake, akasema, "Ticha, kumbe na wewe umo!" Wakacheka wote, nami nikacheka. Tumaini hakucheka.

"Sasa nani alichukua hiyo simu?"

"Sijui."

"Si uandike hivyo."

Nikaandika palepale, chini ya tarehe ya leo: "Sijui nani alichukua simu yangu." Akainama, akasoma neno kwa neno. Ndipo akavua begi na kuvuta kiti mezani.

Kipindi kilipokwisha aliondoka na kadibodi. Anasema kuna kitabu cha hadithi nyumbani anataka kukipitia. Nilitaka kumwambia ni yako, ni kitu pekee chenye alama za vidole vyako nilichobaki nacho. Nikamwacha aende nayo.

Kesho nitakata nyingine. Nakuahidi kila Jumatano, kabla ya kuipeleka kwenye gazeti la mtu, itapita kwanza kwenye dayari yangu. Lala salama, Mwalimu. Nikija Nanyala kupalilia kaburi lako, nitamwomba Tumaini twende wote, kama mama yake ataridhia.

Mwanafunzi wako.