Bei ya Mkate wa Wageni

Osh, 3 Machi 1999

Dada Burul,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila watoto wana mafua. Goti lako linaendeleaje? Na ng'ombe?

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba tangu jana mimi mdogo wako, mwalimu wa chuo kikuu na mtaalamu wa majani, nimekabidhiwa rasmi kiti cha ofisini chenye magurudumu. Mkuu wa idara alihudhuria. Nilikizungusha mara moja, nikagonga kabati.

La pili ni dogo. Kuna wafadhili wa nje wanaotoa pesa za utafiti, nami naandika ombi: kwa nini majani ya malisho yetu ya juu yanakwisha. Nikipata, nitakuja na wanafunzi wanne kila kiangazi, miaka mitatu. Utatupokea?

Mdogo wako,
Duishon

Kijijini, 15 Machi

Mdogo wangu Duishon,

Marahaba. Nasi hatujambo. Goti huuma linapotaka. Ng'ombe kazaa dume.

Mtu mzima na mvi zako unauliza maswali ya kitoto. Tangu lini mgeni akauliza kama atapokelewa? Njoo na kumi. Mkate upo, maziwa ya farasi yatakuwepo, hema la sufu nitalisimamisha mwenyewe. Watoto wape mafuta ya mkia wa kondoo.

Dada yako,
Burul

Osh, 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, nyumba sasa inanuka kondoo.

Ombi limekwenda. Wafadhili wanataka kuona kijiji nacho kinachangia, kwa hiyo barua yako nimeiambatanisha, na bajeti imekaa sawa. Mtu wao atapita kwako. Mpe chai tu.

Mdogo wako,
Duishon

Kijijini, 20 Aprili

Duishon,

Hatujambo.

Mgeni wako alikuja, mama mmoja mpole, na mkalimani wake. Nilitandika kitambaa, nikaita jirani yetu Kanymbubu na mumewe. Tulipokuwa tunakula yule mama akatoa karatasi, akaniuliza mbele yao kama ni kweli ninachangia mkate wa thamani ya som kadhaa kwa siku, maziwa ya som kadhaa, malazi, na kazi ya mikono yangu kwa saa. Kanymbubu alitazama kipande alichoshika, akakirudisha taratibu juu ya kitambaa. Mumewe akasema, "Burul, na chai hii je? Nisije nikaondoka na deni."

Alikuwa anatania. Mimi uso uliniwaka hadi masikioni.

Tangu enzi za mama, hakuna aliyekula kwetu akatajiwa bei. Bei hizo ulizitoa wapi?

Mama yule anataka sahihi yangu. Nimemwambia nitatia siku ndugu yangu atakapokuja kunieleza mwenyewe. Njoo.

Burul

Osh, 28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama.

Bei nilizinakili kwenye ubao wa mgahawa ulio karibu na chuo. Mkate wako niliuongezea kidogo, kwa kuwa wao hawajui kuoka. Ni mambo ya makaratasi tu, Dada: ombi lisilo na mchango wa kijiji halipewi kitu.

Ningekuja, lakini ni mitihani. Fomu nitampa dereva wa gari la huko kwenu. Tia sahihi, tutaelezana kiangazi.

Mdogo wako,
Duishon

Kijijini, 9 Mei

Duishon,

Dereva hana fomu. Kanymbubu anasema Jumatano aliona mtu darajani akienda zake, koti kama lako, mwendo kama wako. Nimemwambia macho yake mabovu, ndugu yangu yuko kwenye mitihani.

Nijibu.

Burul

Osh, 16 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Macho ya Kanymbubu ni mazima. Aliyemwona ni mimi.

Mitihani ilikwisha Jumatatu ya wiki ile. Mkuu wa idara alisema sahihi isipopatikana hadi Ijumaa, ombi limekufa, nikapanda gari na fomu mfukoni. Usidhani nilikuja kuomba radhi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukulainisha. Ningeanza na goti.

Nilifika hadi ukutani kwenu. Ulikuwa uani unakanda unga, na Kanymbubu anakuambia, "Yule msomi wako amekuuza pamoja na sufuria." Ukamjibu, "Duishon hajui uongo. Akija akanieleza nitatia sahihi, hata nisipoelewa."

Sahihi ilikuwa imeshapatikana, Dada. Kilichobaki ni kusukuma mlango. Niligeuka, nikashika njia ya darajani. Nikarudi mjini kwa lori la unga.

Ningependa kukuandikia kwamba nilikwenda kwa mkuu nikamweleza ukweli. Nilimwambia nimekukuta mgonjwa, huwezi hata kushika kalamu. Akanipa pole. Ijumaa ikapita, ombi likafa, na idara nzima ikaanza kunihurumia kwa sababu yako. Juzi walichanga pesa za dawa zako. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikawaambia Dada anashukuru.

Mdogo wako,
Duishon