Firigisi za Joyce

Tunduma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mgongo unaendeleaje, na ule mguu uliovimba siku za msiba? Sisi huku tunapumua, zaidi ya hapo siwezi kusema. Mke wangu anaamka, anakwenda sokoni, anarudi. Mimi gereji naingia, ila juzi nilifunga gurudumu la lori nikasahau nati mbili, bosi akaninyang'anya spana akaniambia nikapumzike.

Barua hii isome peke yako, usimpe kaka kwanza. Niliyowaambia pale msibani hayakuwa kweli. Joyce hakufa kwa tumbo la ghafla.

Unajua tulikuwa tunakuja kwako, mimi na wajukuu zako wawili. Joyce alikuwa amemaliza kidato cha nne, nikamwahidi safari ya gari, na Yusta naye hakukubali kubaki na mama yake. Tulipita Rungwa, tukatokea Itigi, vumbi mpaka kwenye meno, wasichana wanagombania dirisha njia nzima. Joyce alikuwa ameona kwenye simu shamba moja karibu na Mkiwa, la mstaafu wa reli aitwaye Mzee Petro. Mzee huyo alinunua behewa kuukuu la mizigo, akaliweka katikati ya shamba, na wageni wanalala humo. Asubuhi anapuliza filimbi kama treni inaondoka, ndipo mnapewa uji. Joyce alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya pili mzee alikwenda Mkiwa kusaga. Nikamkuta Yusta ameinamia simu, nikamfokea, wanijua nilivyo. Nikamwambia kama ana mikono mizima akalishe kuku wa watu. Kwa kuniogopa hakuuliza chakula chao kiko wapi. Aliingia stoo, akachota mahindi kwenye ndoo yenye kifuniko. Yalikuwa na rangi ya waridi, akadhani ndiyo mahindi ya huko. Mama, zilikuwa mbegu. Mzee alikuwa amezipaka dawa kali ya mchwa, anangoja mvua apande.

Mchana kuku wakaanza kuzubaa, mabawa chini, shingo zinapinda. Nikasema, kideri hicho! Na nyumbani unajua tunavyofanya, kuku akizubaa tunamwahi kwa kisu kabla hajafa. Tumekula wangapi hapo kwako, nani aliumwa hata kichwa? Sikulaumu mama, nakueleza tu nilivyowaza. Nikachinja sita, nikajiona nimemwokolea mzee wa watu kitoweo. Joyce akawanyonyoa na kuwapika.

Yusta alisimama mlangoni mwa behewa.

"Baba, mimi sili hao kuku."

"Una nini wewe? Maringo ya Tunduma umekuja nayo huku?"

"Baba, naomba nikuambie..."

"Kaa ule! Chakula cha watu hakikataliwi."

Akakaa. Akala kipande cha bawa huku machozi yanamtoka, na mimi nikasema anadeka.

Firigisi ulinilea nikijua ni za baba mwenye nyumba. Siku hiyo nikasema hapana, leo anakula aliyemaliza shule. Nikamwekea Joyce zote sita. Alizipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. "Asante baba." Kisha akamtania mdogo wake kwamba kuanzia leo amwamkie, yeye sasa ni mzee wa nyumba.

Mzee Petro aliporudi aliona ndoo iko wazi. Akauliza, "Nani amegusa mbegu zangu?" Yusta akapiga yowe. Joyce alikuwa ameshaanza kutokwa jasho na mate, miguu haimshiki. Nilikimbiza gari kuelekea Manyoni, tumbo langu mwenyewe linakata, Yusta anatapika kiti cha nyuma huku amempakata dada yake. Daktari alihangaika sana. Aliniambia ni sumu, na firigisi ndimo ilimojaa. Mimi nikaja kuwaambia ninyi ni tumbo. Yule mliyempokea Kintinku kwenye jeneza nilimpakulia mimi, kwa mkono wangu.

Sasa ni Yusta. Mama, mtoto hali. Chai anakunywa, mkate kidogo akibembelezwa na mama yake. Nikishika mwiko mimi, anatoka nje. Anaamini amemuua dada yake. Nimemwambia aliyeua ni mimi, hakubali. Amekonda, sketi ya shule anaifunga kwa pini. Naogopa nitazika na huyu. Ijumaa mama yake anamleta kwako, nakuomba umpokee.

Msalimie shangazi aliyemwosha Joyce, na mwinjilisti aliyetuombea makaburini. Kaka mweleze wewe mwenyewe, mimi mdomo hautafunguka.

Kitu kimoja tu, mama. Ukimtengea chakula, naye akasema, "Bibi, mimi sili," usimfokee. Muulize kwa nini, na umwache aseme mpaka amalize.

Ni mimi mwanao niliyekosa,
Elia