Vioo Vyako Bado Vinapasuka

Baba Saumu,

Rehema za Mwenyezi Mungu zikufikie hapo Gazi ulipolala. Eda yangu imekwisha na nimerudi kazini Ukunda. Najua ungeuliza kwanza kama tanuri la vioo linawaka na nani analiangalia. Linawaka. Ninaliangalia mimi.

Lakini nianze na meza.

Ile ya sebuleni, uliyoitilia kioo mwenyewe baada ya mteja wa Diani kukikataa kwa kuwa kilikuja kifupi. Nilikuwa bado ndani ya eda, na mama yako alikuwa amekuja kutoka Mkwiro kukaa nami. Siku hiyo, baada ya swala ya adhuhuri, yeye alikuwa akichambua mchele, mimi nikimsuka Saumu. Hakuna aliyeigusa meza. Kioo kikalia pa! kama bunduki, na sakafu nzima ikajaa punje, kama gunia la chumvi ya mawe limepasuka. Saumu akapiga ukelele. Mama yako hakushtuka. Aliweka ungo chini, akatazama mlangoni, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Juma, mwanangu. Karibu."

Na mimi pia nilitazama mlangoni.

Sababu naijua, ulinifundisha wewe. Kioo kinatiwa motoni mpaka kinakaribia kulainika, kisha kinapigwa upepo wa baridi ghafla, juu na chini. Nje kinapoa upesi, ndani kinachelewa, na tangu hapo nje kunabana na ndani kunavuta, maisha yake yote. Huko ndiko kukazwa, na ndiyo nguvu yake. Lakini kikiwa na kijichembe kibaya ndani, ambacho jicho halikioni, kinaweza kukaa miaka kimetulia, halafu siku moja kikapasuka chenyewe. Ulikuwa ukisema, "Mama Saumu, kioo kilichokazwa hakisahau." Ulikuwa ukicheka ukisema hivyo. Sasa sentensi hiyo inanitembelea nikiwa napika, nikiwa natawadha.

Nilimweleza mama yako yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akakumiminia kahawa.

Kila alasiri kikombe chako kilikuwa hapo. Akipita dirishani alikuwa akiligonga kwa kidole, taratibu, akingoja. Majirani wakapunguza kuja. Saumu akakataa kulala nyumbani, ikabidi nimpeleke kwa dada yangu Msambweni, na nyumba ikabaki na sisi wawili, tukisikiliza. Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba mama yako hakuwa amekulilia. Siku ile mlipokuwa mkishusha vioo, kamba ya lori ikakatika vikakulalia, watu walikuleta nyumbani tukalia mpaka sauti zikatukauka. Yeye alikaa tu, mikono mapajani, kama anayengoja mtu aliyetoka kidogo.

Eda ilipokwisha, karakana wakanitaka nirudi. Mama yako akanishika mkono.

"Mkaza mwanangu, nakuomba usiende. Tanuri hilo ndilo linalomshikilia. Lizimeni apumzike."

Hapo ndipo tunapopatia riziki, mimi na mwanao. Nikamwambia, "Mama, twende wote. Ulione mwenyewe."

Tulikwenda kwa tuk-tuk. Njia nzima alikuwa akivuta nyuradi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiona kazi yako. Kule Mkwiro aliwaambia watu kwamba mwanawe anauza madirisha. Nilimketisha mbali na joto, nikamwonyesha kila kitu kama ulivyonionyesha mimi: meza ya kukatia, mashine ya kusugulia kingo, mahali pa kutobolea matundu ya bawaba. Nikamwambia kazi yote hiyo inafanywa kabla ya moto, maana kikishakazwa hakikatwi tena. Kisha nikasimama upande wako, upande wa kuingizia, mahali ambapo sikuwahi kusimama. Upande wangu wa kupokelea akasimama Mwaka, mfanyakazi mpya. Kioo kikaingia tanurini juu ya zile fimbo zinazozunguka, kikatoka, na upepo ukanguruma mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Mama yako alijiziba masikio.

Upepo ulipokoma aliuliza, "Kinaumia?"

"Hapana, mama. Kinapata nguvu."

Hakuniamini. Basi nikamletea kile cha kujaribia, kile tunachokivunja makusudi kutazama kama punje zimetoka ndogo inavyotakiwa. Nikakifunika kwa plastiki, nikamvisha miwani yako, nikampa nyundo yenye ncha.

"Gonga pembeni hapa."

Alisema bismillahi, akagonga. Pa! Sauti ile ile ya sebuleni. Kioo kizima kikawa cheupe, kikaporomoka chini ya plastiki.

Aliinua plastiki, akazitazama punje. Kisha akaniuliza, "Ndivyo kinavyolia siku zote? Hata kama si yeye?"

"Hata kama si yeye, mama."

Nyundo ikamponyoka. Baba Saumu, mama yako alikulilia siku hiyo. Alilia akiwa amekaa sakafuni, akilitaja jina lako la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, na Mwaka akazima mitambo bila kuulizwa.

Tangu siku hiyo kahawa anaimimina kikombe kimoja, anakunywa mwenyewe. Saumu amerudi nyumbani.

Mimi ndiye niliyebaki nikisikiliza. Kazi yako imejaa pwani yote hii: milango ya hoteli, kingo za roshani, vioo vya mabafu. Nikipita Diani nahisi vinanitazama. Juzi nilipigiwa simu kutoka nyumba moja ya Galu. Kioo cha roshani kimepasuka mchana kweupe, hakuna mtu karibu. Mlinzi alikataa kupanda ngazi. Nilipanda mimi. Nilizoa punje zote kwa mikono, nikiwa nimepiga magoti, na kabla sijajizuia nikasikia mdomo wangu ukisema, "Karibu."

Hakuna aliyeitika. Nilingoja kidogo, kisha nikapima nafasi ya kioo kipya.

Kwa heri, mume wangu. Lala kwa amani ya Mola. Nakuahidi hivi: popote kioo chako kitakapopasuka nitakwenda mimi, na nitatia kingine mahali pake. Na mama hatajua, asije akarudia kukungoja.

Mkeo,
Mwanaisha