Koti Jipya la Baba Mkwe

Mjukuu wangu Atupele, ugonile?

Hapa Kisondela tu wazima. Mama yako mdogo amejifungua salama, mtoto wa kike. Umeniuliza chanjo ya zamani inanisaidia nini wakati korona imeshabadilika.

Nilipoolewa, mila yetu Wanyakyusa ilinikataza kuonana na baba mkwe. Nikiliona tu koti lake la kijani, naingia migombani. Siku moja akavaa koti jipya, na mimi na ndoo yangu tukaendelea kumwendea, nisimtambue! Alikuwa karibu kabisa niliposikia kile kikohozi chake, na fimbo ikigonga mawe. Nikatupa ndoo, nikakimbia. Nililowa maji, lakini hakunikuta.

Mwili nao hufanya hivyo. Kirusi kikibadili koti, baadhi ya kingamwili hukikosa, lakini kumbukumbu ya mwili hukitambua kwa mengine na kutengeneza kingamwili haraka. Huenda nikaugua, ila si kama mtu asiyekijua kabisa.

Lakini kingamwili hupungua, kwa hiyo kesho nakwenda zahanati kuongezewa chanjo. Babu yako anataka ningoje mvua ikatike. Nimemwambia miguu iliyomkimbia baba yake haishindwi na tope.

Na wewe nenda.

Bibi yako