Tulivyookota Mawe Juu ya Zulia

Al Sadd, Doha
Jumatatu jioni

Mama yangu mpenzi,

Hujambo Mama? Mgongo unasemaje? Nimesikia umerudi shambani kabla daktari hajakuruhusu, na usidhani kwa vile niko mbali sitajua; kaka ameniambia kila kitu. Tafadhali pumzika, mahindi hayatakimbia. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri, na joto la huku nimelizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu habari yenyewe ni ndefu, na wewe nakujua. Ningefika katikati tu, ungeangusha simu ukaanza vigelegele, nami nibaki nasema "halo, halo" peke yangu. Achieng' anakuja likizo wiki hii, basi nimempa barua akuletee mkononi. Isome polepole, usirukie mwisho.

Nianze na Achieng' mwenyewe. Unamkumbuka nahodha wetu wa hoki chuoni, yule mrefu aliyekuja nyumbani akamaliza sufuria nzima ya ugali? Sasa ndiye msimamizi wa wauguzi katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja hapa Doha. Ukimwona na sare yake utataka kumpigia saluti! Tunaishi chumba kimoja, na bado ananifokea kama tuko uwanjani: "Nanjala, amka! Nanjala, songa mbele!" Wengine wa timu ile wako huko nyumbani, mmoja daktari wa mifugo, mwingine inspekta wa polisi. Na watu walituambia kukimbiza mpira na magongo ni kupoteza muda. Haya, waje watuangalie sasa.

Sasa mimi. Unajua nilikuja huku kama sekyuriti, nikilala kwenye kambi ya kampuni kule Industrial Area, nikisimama getini kwenye shule moja ya kulipia. Shule ilipojua nina diploma ya ualimu na nilikuwa kipa wa hoki, ikanichukua niwe msaidizi wa michezo. Usaidizi ni kubeba koni, kujaza chupa za maji na kuhakikisha magongo yote yamerudi stoo. Nilifanya kwa moyo mmoja. Halafu juzijuzi mwalimu wa hoki akahama, na mkuu wa michezo, Madam Fiona, mama wa kutoka Ayalandi asiyecheka ovyo, akaniita. Akasema nafasi ni moja na tumebaki wawili: mimi, na bwana mmoja mwenye vyeti vya ukocha vya kujaza ukuta. Kila mmoja wetu angefundisha timu ya wasichana siku yake, yeye akitazama.

Mkataba wangu wa usaidizi ulikuwa unaisha, Mama. Nikikosa, narudi kwa kampuni ya ulinzi, narudi getini. Si kwamba kazi ya geti ni aibu, ilinilisha vizuri. Lakini mimi sikusomea geti, na wewe hukujinyima ukanisomesha ili nifungulie magari.

Siku yangu ikafika. Achieng' alinipigia suruali pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Uwanja wa shule ni zulia la buluu la nyasi bandia, na kabla ya mazoezi hunyunyiziwa maji ili mpira uteleze. Wasichana walikuwa wananisubiri, Madam amesimama kando na miwani yake ya jua, mikono nyuma. Nikapuliza filimbi, nikafungua mdomo niseme yale niliyoyapanga, na mdomo ukasema uliyoyazoea: "Pangeni mstari. Tuokote mawe."

Mawe, Mama! Juu ya zulia!

Wewe uliuona uwanja wetu wa chuo, ule wa murram, udongo mwekundu wenye changarawe. Hatukugusa mpira kabla ya kuupitia wote tukiwa tumeinama, bega kwa bega, kwa sababu mpira ukigonga jiwe unakurukia usoni. Na tulikuwa na desturi yetu. Ukiinuka na jiwe, kama una kinyongo na mwenzako unakisema hapo hapo, unalitupa jiwe nje, na hakuna ruhusa ya kujibu. Achieng' aliwahi kuambiwa mbele ya timu nzima kwamba anajifanya mke wa chifu. Alimeza mate, na tukacheza.

Sasa hawa wa Doha wakaangalia chini, wakaangaliana. Nahodha wao, Noor, akauliza kwa adabu, "Miss, mawe gani?" Kicheko kikalipuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini zulia lenyewe lilivyo imara! Madam akavua miwani. Nikajua kwisha habari yangu.

Ningeweza kusingizia kwamba ni mzaha. Lakini kuna ukaidi ulionishika, sijui ni wako au wa marehemu Baba. Nikawaambia ukweli: kwetu uwanja una mawe, mazoea yamenikosesha. Nikawaeleza na ile desturi yote, ya kinyongo na ya kutojibu. Kisha nikasema basi, tuanze kukimbia. Hakuna aliyekimbia. Noor akasema, "Miss, twende tu tuyaokote," akaenda kwenye mstari wa nyuma, wenzake wakamfuata.

Mwanzoni walichekacheka, wakiinama na kuokota hewa. Tulipofika katikati, beki mmoja mwenye mwili mdogo, Maryam, aliinama, akainuka na ngumi iliyofumbwa, akasema bila kumtazama mtu, "Noor, tangu tufungwe kwa kosa langu hunipi pasi. Hata darasani hunisalimii." Akakitupa nje kile ambacho hakikuwepo. Mwingine akainama, halafu mwingine. Ikafika zamu ya Noor, macho mekundu: "Na mimi nimechoka kuwaongoza watu wanaonisengenya kwenye basi." Hakuna aliyejibu. Nilipuliza filimbi, maana ningechelewa kidogo tu ningelia mbele yao.

Usidhani mambo yaliyofuata yalikuwa ya ajabu. Koni nilizipanga vibaya, wasichana wakagongana. Nilipokaa golini kuwaonyesha, mpira wa kwanza ulinipita katikati ya miguu, kwa sababu nilikuwa nausubiri uruke kama wa murram, na wa huku hauruki, unateleza tu kama samaki mbichi. Lakini Noor alipopata mpira alimtafuta Maryam, akampa. Akampa tena. Mazoezi yalipoisha Madam alivaa miwani yake, akaondoka.

Ijumaa tulikwenda ibada kule Mesaimeer, kwaya ya Wakenya ikaimba mpaka bati likatetemeka, na mimi nilichezesha midomo tu. Achieng' akaniambia, "Wacha pressure. Ukirudi getini utakuwa soja wa kwanza Qatar kuokotesha wageni mawe." Nilicheka, na machozi yakanitoka papo hapo.

Jana, Jumapili, ambayo huku ni siku ya kwanza ya kazi, Madam akaniita ofisini. Akasema yule bwana alifundisha vizuri kuliko mimi na hakukosea popote. Nikashukuru, nikainuka.

"Keti," akasema. "Mwaka mzima nimejua timu hii ina ugonjwa, nikawauliza kila njia, hawakuniambia. Kazi ni yako. Na mazoezi yajayo niwekee nafasi kwenye mstari. Hata mimi nina jiwe langu."

Mama, mimi ni kocha! Ni mwalimu, kwa mkataba wangu mwenyewe. Nilishindwa hata kufungua mlango, nikawa nausukuma badala ya kuuvuta.

Kabla hujaanza kelele, nipe nafasi niwasalimie watu. Kaka mkubwa, nakushukuru kwa kumchunguza Mama, endelea. Shangazi wa kwaya, aendelee kuniombea. Jirani yetu muuza maziwa, mwambie chai ya huku haina ladha. Na baba mdogo, yule aliyesema hoki itaniachia makovu ya miguu tu, msalimie kwa heshima zote, umwambie makovu kweli yapo.

Jambo la mwisho. Madam alinipa jaketi la timu, zito, limeandikwa "kocha" mgongoni kwa Kizungu, kwa herufi kubwa. Jana hiyo hiyo nikalivaa nikaenda nalo dukani kununua mkate, jua la Doha likiwa utosini. Jasho lilinitiririka hadi kwenye viatu. Muuza duka akanihurumia, akaniuliza kama nina homa, mbona silivui.

Nilimgeuzia mgongo asome.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Nanjala